Picha za furaha yetu zinatafuta ukuta Mtwara

Mwanamke amekaa, lakini kiti hakipo. Mguu mmoja kaukunja, mgongo kauegemeza, kiwiko kakituliza juu ya kitu ambacho jicho halikioni. Gauni nalo halipo. Pale lilipotakiwa kuwa pameachwa weupe, weupe uleule wa kanvasi unaomzunguka, hata huwezi kusema nguo inaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Kilichochorwa ni ngozi peke yake: uso, shingo, mikono miwili, goti, unyayo. Ngozi nyeusi tii, yenye kahawia iliyoiva kwa ndani, na mng'ao mdogo kwenye paji la uso na juu ya goti.

Hivyo ndivyo anavyochora Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Ukishaona picha zake mbili, ya tatu utaitambua hata ikiwa haina jina. Hakusomea uchoraji chuoni. Alikuwa mfanyakazi wa benki, na mwaka 2018 akaacha kazi ili achore. Mzazi yeyote wa Kitanzania anaijua baridi inayompita mtu mgongoni akisikia habari ya namna hiyo: mtoto kaacha benki, kaenda kupaka rangi. Haikupita miaka mingi, picha zake zikawa zimetundikwa Kampala, Cape Town na London.

Anaowachora wengi ni wanawake wa karibu yake, ndugu na marafiki, na jambo la kwanza la kuangalia ni vitu wasivyobeba. Hakuna ndoo kichwani. Hakuna mtoto mgongoni, hakuna jembe, hakuna mzigo wa kuni. Tumezoea kumwona mwanamke wa Kiafrika pichani akiwa kazini. Kwenye kalenda za mashirika ya misaada anachota maji. Kwenye picha za kuuzia watalii anatoka sokoni na kapu, mwembamba, mrefu, hana macho wala mdomo. Wa Mlengeya ana uso, na hana kazi yoyote anayoifanya kwa ajili yako wewe unayemtazama. Kapumzika. Anacheza. Kamkumbatia mwenzake. Kuna wengine wanakutazama moja kwa moja, kama umewakatiza maongezi na wanasubiri upite waendelee.

Ule weupe nao una kazi yake. Mchoraji angeweka nyuma ya mwanamke huyu ukuta wa udongo, tungesema maskini wa kijijini. Angeweka sofa na kiyoyozi, tungesema mtoto wa Masaki. Akiweka mnazi, tunaanza kuuliza ni Tanga au Lindi. Mlengeya kaondoa vyote, na kwa kuviondoa kamnyima mtazamaji mahali pa kushikia huruma yake. Huwezi kumsikitikia mtu ambaye hujui anaishi wapi na anakula nini. Umebaki na binadamu mweusi aliye na raha zake, basi. Kwa mtu aliyezoea kusoma habari za Afrika kwenye magazeti ya Ulaya, huo ni mtihani. Na kwetu pia, maana sisi wenyewe tunapeana huruma hiyo: Kusini tumeichoka muda mrefu, tangu enzi ile barabara ikikatika kila masika na gazeti la Dar es Salaam likifika limeshakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Maonyesho yake ya peke yake yaliyovuma kwanza yalifanyika Kampala mwaka 2021, kwenye jumba la Afriart, chini ya jina Just Disruptions, yaani ukorofi wa haki, au ukorofi tu, kwa jinsi utakavyosoma. Mwaka uliofuata akapelekwa London, kwenye Africa Centre, na mkusanyiko wa wanawake wanaocheza bila hatua za kupangiwa. Miili inaruka, inapinda, inashikana mikono, na chini hakuna sakafu. Katika picha nyingine mtu mmoja anajirudia mara kadhaa, au watu kadhaa wanagandana hata unashindwa kuhesabu mikono. Nguo nyeupe zimemeza viwiliwili, kwa hiyo unachokiona ni mikono na vichwa vinavyoelea, na bado ubongo wako unaumalizia mwili wenyewe bila kuombwa.

Sasa ukitaka kujua kwa nini weusi uliochorwa hivi ni habari, huna haja ya kwenda London. Pita Chikongola, hapa Mtwara mjini, Jumamosi mchana. Kwenye maduka ya vipodozi chupa na makopo yamepangwa kuanzia sakafuni hadi juu, na sura ya mwanamke iliyobandikwa juu yake ni nyeupe kuliko mtu yeyote unayemfahamu mjini hapa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, na mara kwa mara tunaonyeshwa shehena ikichomwa moto, lakini mkorogo haujawahi kukosa mteja. Anayetumia utamjua kwenye vifundo vya vidole. Uso umekubali, mashavu yamekubali, vifundo vimegoma, vimebaki vyeusi kama alivyozaliwa. Ndiyo maana nikitazama picha za Mlengeya jicho langu hukimbilia mikononi. Vidole kavichora kwa subira, kifundo kwa kifundo, na vyote vina rangi moja na uso.

Nilimwonyesha msusi mmoja wa mtaani kwetu picha hizo kwenye simu. Alikuwa anamalizia yeboyebo za msichana aliyekaa chini katikati ya miguu yake, simu akaishika kwa vidole viwili kwa sababu vingine vilikuwa na mafuta. Akaikuza picha. Kwanza alitazama nywele.

"Hizi hazijatiwa dawa," akasema. "Nywele zake mwenyewe."

Bibi mmoja aliyekuwa anamsubiri mjukuu wake akaomba naye aone. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Mbona hawajammaliza?"

"Kamalizwa, bibi. Ndivyo alivyochorwa."

"Nguo iko wapi?"

"Kavaa nyeupe, ndiyo maana haionekani."

Bibi akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, huyu kavaa sanda?"

Msusi akacheka mpaka kitana kikamdondoka. "Sanda gani bibi, mtu anatabasamu hivyo!"

"Aa, kama anatabasamu basi katoka Hija," bibi akasema, akanirudishia simu yangu.

Nimesoma maelezo kadhaa ya wataalamu kuhusu weupe huo. Wanauita uhuru, wanauita ukimya, wanauita nafasi ya kupumua. Hakuna niliyemkuta kataja sanda wala Hija, na kwa watu wa pwani hii vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokuja kwanza, pamoja na unga mweupe wa matambiko kwa wale waliokulia bara kidogo, Newala na Tandahimba. Sidai kwamba mchoraji alivikusudia. Ninachosema ni kwamba picha zilizozungumzwa sana Ulaya bado hazijazungumzwa na bibi huyu na wenzake, na wao wana la kusema.

Kusini tuna mchoraji wetu aliyefanya kinyume cha Mlengeya kwa kila kitu. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wazazi wake Wamakonde. Alianza kuchonga kwa muhogo, kama wanavyofundishwa watoto wa wachongaji: muhogo ni laini, kisu kikiteleza hakuna hasara, na kinyago kikiharibika kinaliwa. Baadaye akahamia kwenye mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, ambako mjomba wake Augustino Malaba, mchongaji naye, alimtafutia kibarua Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Kibarua chenyewe kilikuwa ulinzi wa usiku.

Mzaha wa Mmakonde mlinzi, chale usoni na rungu mkononi, bado unachekesha watu Dar es Salaam. Lilanga ndiye alikuwa mlinzi huyo. Usiku alilinda picha za wengine, kisha akaanza kuchora zake. Mwaka 1978 yakafanyika maonyesho ya wasanii wa Kiafrika huko Washington yenye kazi 280 hivi, na 100 kati ya hizo zilikuwa zake. Ukihesabu miaka, si mingi tangu aliposhika lindo.

Kwa Mlengeya kuna mtu mmoja na weupe mkubwa. Kwa Lilanga huna pa kuweka kidole. Kila pembe imejaa watu, au tuwaite mashetani, maana kizazi chao ni cha vinyago vya mashetani ambavyo Samaki Likankoa na wachongaji wenzake walivianzisha miaka ya 1950. Masikio makubwa, midomo minene, matumbo yametangulia mbele, vidole viwili au vitatu kwa mkono, mikono na miguu inapinda popote inapotaka. Wengine bluu, wengine rangi ya chungwa, wengine pinki, wote wamezungushiwa mstari. Wanafanya mambo yetu yaleyale: wanapigana vikumbo, wanakunywa pombe, wanapelekana hospitali, wanabebana, wanacheza ngoma. Ngoma hasa. Mtu aliyewahi kuona sindimba au lipiko likiingia uwanjani hatapata shida kuzitambua nyonga zile na namna kichwa kinavyogeuka ghafla kikiwa kimetengana na mabega.

Watazamaji wa Ulaya waliziita picha za furaha, na ni kweli, lakini waliharakisha. Furaha ya Lilanga ina meno. Mashetani yale yanatucheka sisi. Yule mwenye tumbo ni ofisa fulani, yule anayeyumba ni jirani yako, na yule anayekimbia na kitu mkononi hakukinunua. Ngoma za mapiko zina kazi hiyohiyo: chini ya kinyago anayecheza anaweza kumwiga padri, mkoloni, mwanamke mwenye maringo, na kijiji kizima kikamcheka mtu ambaye asubuhi hakuna aliyethubutu kumcheka. Ukiondoa dhihaka kwenye picha za Lilanga unabaki na rangi tamu za kupamba mgahawa, na kwa bahati mbaya zimeshapamba migahawa mingi.

Niseme na hili. Miaka yake ya mwisho, kisukari kilipomzidi, karakana yake ilitoa kazi nyingi kupita kiasi, wasaidizi wakichora na yeye akisimamia. Nyingine ni nzuri, nyingine ni za kutafutia hela ya dawa, na mtu asijifanye haoni tofauti. Alifariki Dar es Salaam Juni 2005, wakati kazi zake zikizunguka kwenye majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

Hao wawili hawatofautiani kwa umri tu. Mlengeya anamtoa mtu mweusi kwenye umati ili aonekane. Lilanga anamrudisha kwenye umati kwa sababu haamini kuna furaha ya mtu mmoja. Mmoja kakabidhi weusi wote kwa ngozi. Mwingine hakujali ngozi hata kidogo, kaipaka bluu, na bado hakuna anayeweza kusema watu wale si weusi, kwa jinsi wanavyosimama na wanavyocheka. Mimi ningelazimishwa kuchukua moja ningechukua ya Lilanga, kwa sababu nyumba yangu nayo imejaa watu.

Mambo haya ya furaha yamekuwa gumzo kubwa duniani tangu mwaka 2022, pale jumba la Zeitz MOCAA la Cape Town lilipofungua maonyesho yaliyoitwa When We See Us. Jumba hilo zamani lilikuwa maghala marefu ya nafaka bandarini. Aliyeyaongoza maonyesho, Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala, alilipindua jina la tamthilia ya Kimarekani iliyohusu jinsi wengine wanavyowaona vijana weusi; yeye akauliza, sisi tukijitazama tunaona nini? Akakusanya zaidi ya kazi 200 za wachoraji weusi wa karne nzima, kutoka Afrika, Marekani, Karibi na Ulaya, na akazipanga kwa maisha badala ya nchi au miaka. Kulikuwa na chumba cha mambo ya kila siku, chumba cha kupumzika, chumba cha mapenzi, chumba cha ibada, na chumba cha shangwe. Utumwa na ukoloni havikupewa chumba. Mlengeya alikuwa miongoni mwa waliotundikwa humo. Maonyesho yalienda Basel mwaka 2024, kisha Brussels na Stockholm. Kouoh mwenyewe alifariki Mei 2025, akiwa ameteuliwa kuongoza maonyesho makuu ya Venice ya 2026.

Wapo waliolalamika. Walisema soko limegundua kwamba picha ya mtu mweusi aliyetulia inauzika, na kwamba furaha imekuwa bidhaa. Hoja yao si ya kupuuza. Februari 2020 mnada mmoja wa London uliuza picha ya Mghana Amoako Boafo, mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea yenye ndimu, kwa pauni 675,000, wakati makadirio ya juu yalikuwa pauni 50,000. Mchoraji akishauza picha yake mara ya kwanza, faida ya mnada kama huo mara nyingi inaishia kwa mwingine. Mkulima wa korosho wa Tandahimba haelezwi jambo hilo mara mbili. Anaujua mnada, anaijua bei ya juu anayoisikia redioni na ile inayofika mkononi.

Lakini kusema furaha ya mtu mweusi imebuniwa na soko la juzi ni kusahau. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyefundisha Makerere, alichora mwaka 1956 watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York likaichukua picha hiyo. Mwaka mmoja baadaye Ntiro akawa balozi wa Tanganyika London. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza na rangi za kupakia baiskeli mwaka 1968. Hao hawakusubiri mnada wa mtu.

Turudi Africa Centre ya London, kwa sababu pana jambo pale ambalo sijaona likizungumzwa. Mwaka 1983, kituo hicho kikiwa bado Covent Garden, kilionyesha kazi za wanawake watano weusi ambao majumba makubwa ya Uingereza hayakutaka kuwasikia. Aliyewakusanya alikuwa msichana wa miaka 29 aliyezaliwa Zanzibar, Lubaina Himid. Baba yake alikuwa Mkomoro, mama Mwingereza mbunifu wa vitambaa. Baba alifariki kwa malaria Lubaina akiwa na miezi minne, na mama akarudi kwao na mtoto. Miaka 39 baada ya maonyesho yale, kituo kilekile, sasa kikiwa kimehamia Southwark, kikampa kuta zake Mlengeya. Mmoja wa wale watano wa 1983, Claudette Johnson, alikuwa anachora wanawake weusi wakubwa, warefu kama mlango, na kuacha sehemu ya karatasi tupu. Sijui kama Mlengeya aliwahi kuziona picha hizo, ila ukiziweka jirani zitaamkiana.

Himid alikuja kupata Tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi yake ninayoitafakari zaidi nikiwa huku ni ile ya mwaka 2004, Naming the Money. Alikata mbao 100 kwa umbo la watu, urefu wa mtu mzima, akawachora wamevaa nguo zinazowaka rangi: wapiga ngoma, wacheza dansi, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, watengeneza vitu vya watoto vya kuchezea, wafundisha mbwa. Unatembea katikati yao kama umealikwa sherehe. Kisha unasoma mgongoni mwa kila mmoja. Kuna jina lake, na jina alilopewa na bwana wake. Kuna kazi aliyokuwa akiifanya kwao, na kazi anayofanyishwa sasa. Mwisho kuna kitu kimoja alichobaki nacho kinachompa faraja. Wote ni watumwa wa majumba ya Ulaya. Nguo nzuri ni za tajiri, anawavisha ili wageni wauone utajiri wake.

Mikindani iko mwendo wa bajaji kutoka Chikongola. Watalii wanaopelekwa kuona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na nyumba inayohusishwa na Livingstone aliyepita hapo mwaka 1866, wanaambiwa pia habari za misafara iliyoshuka pwani na Wayao, Wamakua na Wamakonde waliofungwa shingoni. Waliofika Zanzibar kabla soko halijafungwa mwaka 1873 walipewa majina mapya. Mabruki, Faraji, Baraka, Almasi, Feruzi: majina ya heri na vito, furaha ya bwana ikavishwa mtumwa. Jina la kwao likabaki ng'ambo ya Ruvuma. Ndiyo maana faraja ile ndogo iliyoandikwa mgongoni mwa watu wa Himid inanikaa. Hakumpa mtumwa ushujaa mkubwa wala hakumfanya aombe kuonewa huruma. Alimwachia wimbo, au mmea, au bahari aliyoikumbuka, kitu ambacho bwana hawezi kukiuza.

Na kanga je? Mwaka 2018, huko Gateshead, Himid alitundika vitambaa vikubwa kama bendera, kila kimoja na pindo lake, mji wake na jina lake, maneno akiyachukua kwa waandishi weusi kama James Baldwin na Audre Lorde. Waingereza walihitaji maelezo marefu ili waelewe kwamba nguo inaweza kumsema mtu. Hapa mtoto wa darasa la pili anajua mama akivaa kanga fulani jirani ajiangalie. Wanawake wa Chikongola wangemsahihisha Himid mambo mawili matatu, hasa urefu wa maneno. Jina la kanga likizidi linaacha kuuma.

Swali linalobaki ni la ukuta. Picha kubwa kuliko zote nilizoziona Mtwara ziko Majengo, ndani ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambako padri wa Kibenediktini kutoka Ujerumani, Polycarp Uehlein, alijaza kuta kwa habari za Biblia miaka ya 1970. Waislamu, Wakristo, wote huingia kuzitazama. Ngoma nazo zina tamasha lake, MaKuya, jina lililounganisha Makonde, Makua na Yao. Uchoraji wa kisasa, ule wa kutundikwa na mtu akakaa mbele yake, hauna pake. Kijana wa Mtwara mwenye kipaji anachora mabango ya saluni mpaka mtu wa mashine ya kuchapisha anapomnyang'anya kazi, kisha anapanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ileile aliyoifanya Lilanga.

Wanaohusika na utamaduni huniambia tatizo ni fedha za jumba. Jumba litakuja siku yake, ila kwa kuanzia halihitajiki. Kanvasi huviringishwa ikaingia kwenye bomba, na bomba likakaa juu ya siti ya basi zaidi ya kilomita 550 bila kulipa nauli. Nakala nzuri za kuchapishwa, kwa ridhaa ya mchoraji, zingetosha kwa mwaka wa kwanza. Ukumbi wowote wa shule unafaa wakati wa likizo, ilimradi ile nusu ya chini ya ukuta iliyopakwa rangi ya mafuta ya kijani ipakwe chokaa kwanza, maana wanawake wa Mlengeya hawawezi kukaa juu ya kijani. Lilanga atundikwe ukuta wa pili, atakubali rangi yoyote. Iwe Oktoba au Novemba, wakati wa korosho, watu wakiwa na hela mfukoni na sababu ya kushuka mjini. Wasusi wa Chikongola wapewe mwaliko wa siku ya ufunguzi, na kiingilio kisizidi nauli ya bodaboda.